Kwa Nini Sufuria ya Shule Haiujui Mtama?

Mhariri wa gazeti letu ameomba makala juu ya kutunza mazingira, na nadhani wengi wataandika juu ya kupanda miti. Kupanda miti ni jambo jema, wala sina neno nalo. Lakini mimi napenda kuandika juu ya kitu kilicho karibu nasi zaidi, tunachokishika kwa mikono yetu kila siku adhuhuri na jioni, nacho ni ugali. Nasema hivi: shule iliyo katikati ya nchi ya mtama na uwele, kama hii yetu ya Dodoma, haifai kupitisha mwaka mzima bila kupika mtama hata siku moja. Jambo hili lina hasara kwa ardhi, lina hasara kwa wakulima waliotuzunguka, ambao wengi wao ni wazazi wetu wenyewe, na lina hasara kwetu sisi tunaokula.

Najua ya kuwa baadhi ya wenzangu wamekwisha kuanza kucheka. Hapa shuleni mtama ni neno la mzaha. Mwenzetu akija na unga wa uwele kutoka kwao ili akoroge uji, huuficha chini kabisa ya tranka lake kama kwamba ameuiba, lakini mwenye pakiti ya biskuti huila mbele za watu, tena taratibu.

Hebu tutazame tunachokula. Asubuhi ni uji wa sembe. Adhuhuri ni ugali wa sembe na maharage. Jioni ni ugali wa sembe na maharage, isipokuwa siku za wali. Sikusudii kulalamika. Chakula hiki hutushibisha, na wako vijana wengi wa umri wetu ambao wangekifurahia. Nataka tu tuulize kimetoka wapi. Mwaka wenye mvua njema mahindi hujaa katika soko la Kibaigwa, yakitoka Kongwa na Kiteto, na hapo hatuna la kusema, maana Kibaigwa ni kwetu. Lakini miaka ya namna hiyo haifuatani. Mvua ikipunguka, malori hutoka Iringa, Njombe na hata Rukwa. Kutoka Iringa mjini mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 250, na Rukwa ni mbali kuliko hapo mara tatu. Maharage nayo hupenda nchi za ubaridi, joto letu hayalipendi. Ngano ya maandazi tununuayo nje ya uzio ndiyo iliyosafiri kuliko vyote, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huletwa kwa meli kutoka nchi za nje, Urusi ikiwa mojawapo. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na andazi la mtaani kwetu likapungua ukubwa, ingawa hapakuwa na mtu wa mtaa ule aliyegombana na mtu yeyote.

Sisemi kwamba mahindi ni adui kwa sababu ni mgeni. Ni kweli kwamba mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa pwani yetu na Wareno, hali mtama ni mmea wa Afrika tangu asili. Lakini mmea hauulizwi pasipoti. Karanga nayo ilitoka Amerika, na leo huota Ugogo kama kwamba haijapata kukaa pengine. Neno lililo kubwa si asili ya mmea, bali ni mvua.

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi. Lililo baya zaidi ni kwamba katikati, aghalabu mwezi wa Februari, mvua hukatika kwa majuma mawili au matatu, jua likawaka kama kwamba kiangazi kimekwisha kuingia. Mahindi yakikutwa na ukame huo wakati yanapotoa mbelewele, basi yamekwisha. Hata mvua ikirudi, gunzi litatoka na punje za kuhesabika. Mtama una desturi nyingine. Ukikosa maji hukunja majani yake na kukaa kimya, kama mtu aliyejifunika shuka akingoja homa ipite, na mvua ikirudi huendelea na kazi yake. Mizizi yake huenda chini sana, na majani yake yana nta inayozuia maji yasipotee. Uwele una subira kupita mtama, nao huvunwa mapema. Hapa mkoani, Hombolo, kipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na mtama na uwele, na mbegu bora zimekuwapo siku nyingi: za mtama kama Macia, Hakika na Tegemeo, na za uwele ziitwazo Okoa na Shibe. Aliyezipa majina hizo mbili za mwisho hakuwa na haja ya kuandika maelezo nyuma ya mfuko.

Mwenye kutaka kuona hasara ya kubishana na mvua hii aende Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha pale mpango mkubwa wa kulima karanga, ili wapatikane mafuta ya kula kwa watu wa Uingereza waliokuwa katika dhiki baada ya vita. Yaliletwa matrekta mengi, vikafyekwa vichaka, ikajengwa na njia ya reli. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikakosa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Ajabu ni kwamba mama zetu huipanda karanga hiyo hiyo kila mwaka, kishamba kidogo kando ya mtama, kwa jembe la mkono, nao huvuna. Mabwana wale walikuwa na kila kitu isipokuwa hodi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo husemwa sana pasipo kupimwa. Husemwa kwamba chakula cha karibu huokoa mazingira kwa sababu ya moshi wa malori. Mwaka 2018 wataalamu wawili, Poore na Nemecek, walichapisha hesabu waliyoikusanya kutoka mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119. Walikuta ya kuwa kusafirisha chakula huleta sehemu ndogo tu ya hewa chafu itokanayo na chakula, kama sehemu 6 katika kila 100. Sehemu iliyo kubwa hutoka shambani kwenyewe, na katika misitu inayofyekwa ili iwe mashamba na malisho. Basi mtu akiniambia kwamba lori la Rukwa ndilo linaloiharibu dunia, simkubalii. Tena kama mahindi ya Rukwa yameota vizuri kwa mvua ya Rukwa, hayakuikosea ardhi ya huko.

Hasara ninayoisema mimi iko hapa hapa. Mkulima wa kwetu hupanda mahindi kwa sababu mahindi ndiyo yanayotakiwa na shule, na mji, na kila mtu. Mwaka wa kwanza hupata, mwaka wa pili hupata nusu, mwaka wa tatu hapati. Yule aliyepata nusu hujiambia kwamba mwakani ataongeza ekari, naye huzipata ekari hizo kichakani. Na yule aliyekosa kabisa hufanya nini? Hana kitu ghalani, na watoto wanamtazama. Huchukua shoka akaenda kuchoma mkaa. Kila mtu aliyepita barabara kuu katika mwaka wa njaa ameyaona magunia ya mkaa yaliyosimamishwa kando, na majani yamefunika midomo yake. Sisi huyatazama magunia yale kupitia dirisha la basi tukasema, "Watu hawa hawana elimu ya mazingira." Elimu wanayo. Kilichowakosa ni mavuno. Ndiyo maana nasema kwamba mkulima mwenye mtama ghalani huilinda misitu kuliko mbao za matangazo. Na mkulima hatapanda mtama ikiwa hakuna mtu wa kuununua.

Liko na jambo la moto wa jikoni. Serikali ilikwisha kuagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, nazo shule zimo. Lakini hata jiko likiwa la gesi, moto ni fedha. Maharage makavu yaweza kukaa juu ya moto tangu kipindi cha kwanza mpaka kengele ya saa sita, na bado ukayasikia menoni. Kunde na choroko huiva upesi zaidi, tena huota katika ukame wetu, tena hurudisha rutuba ardhini kwa kuwa mizizi yake hushika naitrojeni ya hewani. Katika mambo yote niliyoyaandika humu, hili la kunde ndilo rahisi kuliko yote, nami sijapata kusikia sababu ya kulikataa.

Bibi yangu mzaa mama hulima katika wilaya ya Chamwino. Likizo ya Juni mwaka jana nilimkuta akishona magunia ya mtama, na mnunuzi amekwisha kuleta mizani yake mpaka chini ya mbuyu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shika gunia hilo."

Nikashika. Nikamwuliza, "Mbona unauza wote, bibi?"

Akasema, "Nauza ninunue sembe. Ninyi mkija hamtaki ugali mweusi. Mjomba wako naye mgeni akija huona haya kumpa."

"Na huyu anaupeleka wapi?"

"Anasema kiwandani, wakapike pombe."

Alisema kweli. Viwanda vya bia nchini hununua mtama mweupe, na Shirika la Chakula Duniani nalo limepata kununua mtama wa wakulima wadogo wa Dodoma na kuupeleka Sudan Kusini, kwa watu wenye njaa. Haya yote ni mema kwa mfuko wa bibi. Lakini tazama tulipofika: mtama wa kwetu hunywewa mijini, huliwa Juba, na sisi tulio kilomita chache kutoka shamba lake hatuujui. Tena siku ile, kwa fedha ya madebe matatu ya mtama bibi alirudi dukani na madebe mawili ya sembe. Debe moja limekwenda kwa wenye mizani, wenye lori na wenye mashine, ambao kila mmoja ana haki yake, lakini hakuna hata mmoja wao anayelima.

Soko la mbali lina hatari nyingine, nayo ilionekana mwaka 2017. Wakulima wengi wa Babati, Kondoa, Lindi na Mtwara walikuwa wamelima mbaazi kwa wingi kwa ajili ya India, maana Wahindi hula mbaazi kila siku na bei ilikuwa nzuri. Mwaka ule India, iliyokuwa imevuna mbaazi zake nyingi, ikaweka kizuizi cha kuingiza za nje. Bei ikaanguka chini kupita kiasi. Watu walibaki na magunia ndani ya nyumba, wengine wakashindwa kulipa hata gharama ya kuvunia. Mbaazi ni chakula kizuri, kina nguvu kama maharage, na zikipikwa kwa nazi au kwa karanga mtu huuliza kama zimebaki. Mwaka ule ule shule zetu zilikuwa zikinunua maharage. Afisa mmoja wa Delhi alitia sahihi karatasi, na mtoto wa Kondoa akakosa sare. Kama sufuria za shule zingekuwa zimezizoea mbaazi, sahihi ile isingekuwa na nguvu nyingi hivyo.

Watu huuita mtama chakula cha njaa. Jina hili limegeuzwa kichwa chini. Wazee wa Kigogo husimulia njaa ya Mtunya, iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na kuendelea mpaka mwaka 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, kila moja kwa zamu yake, yalichukua nafaka na ng'ombe, yakawachukua na vijana kuwa wapagazi, kisha mvua ikakosa, na watu wakafa kwa maelfu. Vihenge vilikuwa vimekwisha kufagiliwa hata kabla ya mbingu kufunga. Baadaye, katika miaka ya dhiki ya 1970 na 1980, nchi ilikula mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watu wakauita unga ule Yanga kwa sababu ya rangi yake. (Babu yangu, ambaye ni mtu wa Simba, husema hiyo ndiyo iliyokuwa njaa kali kupita zote.) Mtama uliitwa chakula cha njaa kwa kuwa ndio uliobaki mahindi yalipokufa. Aliyebaki na wewe siku ya taabu, mbona umpe jina la taabu yenyewe?

Sitaki nionekane kama mchuuzi anayesifu nyanya zake bila kuzigeuza upande wa pili. Mtama una matatizo, na la kwanza ni ndege. Kweleakwelea huja kama wingu, na shamba la ekari mbili huweza kwisha katika siku chache. Kwa hiyo mtama hulindwa, na walinzi wake aghalabu ni watoto, na mtoto anayeamia ndege hayupo darasani. Serikali hutuma ndege za kunyunyiza dawa, lakini hazifiki kila kijiji kwa wakati. Watu wa kijiji kimoja wakipanda kwa siku zinazokaribiana, mashamba huiva pamoja na hasara hugawanyika. Mmoja akipanda peke yake, ndege wote ni wake. Ziko na aina nyekundu zenye uchungu ambazo ndege huziepuka, ila uchungu huo huo huzuia mwili usifaidi vizuri protini iliyomo. Jambo hili si dogo, na anayeutetea mtama bila kulitaja hajapata kusimama shambani saa kumi na mbili asubuhi na kombeo mkononi.

La pili ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, na mahindi yale yalikuwa ya kwao wenyewe, hayakutoka mbali. Kwa hiyo chakula hakiwi salama kwa sababu tu kimelimwa na jirani. Karanga ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Shule ikinunua kwa wakulima wa karibu, yapasa ipokee nafaka iliyokauka sawasawa, iliyoanikwa juu ya turubai wala si juu ya udongo, na irudishe ile yenye unyevu hata kama mwenye kuileta ni shangazi wa mtu.

Wengine hutaja ladha. Hapa sina hoja nyingi. Ugali wa mtama ni laini, una uchachu kidogo, nao haukusudiwi kuliwa na maharage. Mwenye kuupika akausonga kama sembe na kuuweka kando ya maharage ya shule, ameuonea. Huliwa na mlenda. Mlenda wetu una karanga zilizopondwa, na tonge likichovywa hushuka lenyewe. Wenzetu wanaotoka Kagera na Kilimanjaro husema mlenda unateleza. Ndiyo, unateleza, na ndizi zao za kupika nazo hazina mifupa.

Kwa upande wa afya, mwalimu wetu wa Biolojia alitufundisha kwamba mahindi yakikobolewa kuwa sembe huondolewa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo vitamini na madini mengi. Uwele una madini ya chuma kuliko sembe, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Bweni la wasichana linajua ni wangapi hupata kizunguzungu mstarini asubuhi. Sidai kwamba uji wa uwele ni dawa, ila nadai kwamba uji mweupe mtupu hauwasaidii.

Halafu kuna majira. Sisi tuliozoea chakula kimoja mwaka mzima tumesahau kwamba nchi hii hubadilisha meza yake. Mvua ikishika, Januari na Februari, mlenda na majani ya kunde na ya maboga huota kila mahali, hata katikati ya mistari ya mtama, bila kupandwa na mtu. Machi na Aprili ni maboga, mahindi mabichi na karanga mbichi za kuchemsha. Kuanzia Mei watu huvuna uwele, kisha mtama. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, ingawa kwa kutazama vibanda vyetu mtu angedhani tunda la mkoa huu ni pipi ya kijiti. Kiangazi kikikauka kabisa kuna ubuyu na ukwaju, na kuna mlenda mkavu, ambao bibi zetu huuanika na kuuponda wakati wa neema wakauhifadhi mpaka mvua nyingine. Bahi nako, karibu kabisa, hulimwa mpunga. Wali wa Jumapili ungeweza kutoka Bahi na tusiuone tofauti isipokuwa kwamba fedha imebaki mkoani. Chakula cha majira huwa na bei ndogo kwa sababu kipo kwa wingi, na hilo hata mama wa genge asiyejua kusoma analijua.

Sasa yafaa niseme ninachotaka, maana kusema tu ni rahisi. Siombi mahindi yafukuzwe. Naomba siku mbili katika juma, tuseme Jumanne na Alhamisi, ugali uwe wa mtama au wa uwele, na mboga iwe kunde, mbaazi au mlenda kwa kadiri ya majira. Naomba uji wa asubuhi uchanganywe uwele. Naomba pia shamba la shule lifikiriwe upya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea alitaka shule ziwe na mashamba ili wanafunzi wajifunze kwa kufanya. Shamba tunalo, na kila mwaka hupandwa mahindi, na kila mwaka ukame wa Februari huyafundisha mahindi hayo somo ambalo sisi hatulisomi. Robo ya shamba hilo ikipandwa mtama na kunde, kidato cha pili na cha tatu watakuwa na la kupima katika daftari zao za Kilimo.

Najua ya kuwa ununuzi wa shule una sheria zake, na Mkuu wa Shule hawezi kwenda gengeni akanunua apendavyo. Lakini sheria hizo zenyewe zimefungua mlango. Asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni siku hizi hupitia katika mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Shida ni kwamba kikundi cha akina mama wa kijijini hakijui namna ya kujiandikisha humo, na wengi wao hawana hata simu ya kufaa. Sisi tunaosoma kompyuta hapa shuleni tungeweza kuwasaidia Jumamosi moja. Hii ingekuwa kazi ya maana kuliko kufagia kiwanja kile kile mara ya pili kwa sababu mgeni anakuja.

Wazazi watakaosoma gazeti hili nawaomba wasije kwenye mkutano na kusema kwamba mtoto wao analishwa chakula cha kuku. Mama mmoja aliwahi kusema hivyo hadharani, na makofi aliyopigiwa yaliwatisha walimu wasiliguse tena jambo hili kwa mwaka mzima. Lililo bora ni kwamba katika mkutano ujao wawili watatu kati ya mama zetu waingie jikoni wakawaonyeshe wapishi namna ya kuusonga ugali wa mtama kwa watu mia tano, maana wapishi wetu ni hodari, lakini hawajapata kuupika kwa kiasi hicho. Mmoja wao aliniambia, "Mwanangu, nikiuharibu siku ya kwanza, hamtaula siku ya pili." Ana haki ya kuogopa.

Mimi nitakuwa nimemaliza Novemba, na huenda nisile hata sahani moja ya ugali huo. Kamati ya chakula hukutana mwanzoni mwa muhula wa pili, mwezi wa Julai, nao ndio wakati mtama umetoka shambani na bei yake iko chini. Ikikubali, magunia kumi yatatosha kuanzisha majaribio ya kufika Septemba. Mlenda kwa miezi hiyo itabidi uwe mkavu. Ule mbichi wangoje Januari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne